Sauti Nne za Gitaa la Baba

Barua ya baba ilisomwa kanisani Jumapili moja baada ya matangazo ya harusi, na aliyeisoma ni mwenyekiti wa kwaya, kwa sababu mwenyekiti wetu hapendi kitu kisomwe na mtu mwingine wakati yeye yuko hai. Baba alikuwa ameandika kwa mkono wake, kutoka Olenguruone, kwamba anaitolea kwaya yetu ya Nakuru gitaa lake la umeme, lenye pikapu mbili. Mwenyekiti alisukuma miwani juu, akavuta pumzi, akatangaza: "Mzee ametupatia gitaa, na pikapu mbili."

Watu walipiga makofi mpaka mabati yakaitikia. Mama mmoja nyuma yangu alianzisha wimbo wa shukrani. Mimi niliinua mkono, hakuna aliyeuona, nikauinua tena, mtu akadhani nimejazwa Roho. Wimbo ulipoisha kulikuwa tayari na kamati ndogo ya kupokea magari, na bwana mmoja mwenye leseni ya udereva alikuwa amesimama bila kuitwa.

Ilinichukua wiki tatu kuwaeleza kwamba pikapu ya gitaa ni kile kisanduku kidogo kilicho chini ya nyuzi, chenye sumaku na waya mwembamba uliosokotwa, kazi yake kushika mtetemo wa nyuzi na kuupeleka kwenye spika. Za baba ni zile za koili mbili mbili. Koili zimesokotwa kinyume, ili ngurumo ya umeme ikiingia kwa moja ifutwe na mwenzake. Pikapu moja iko karibu na shingo ya gitaa, na sauti yake ni nzito, ya tumboni. Nyingine iko nyuma, karibu na pale nyuzi zinapofungwa, na sauti yake ni kali. Mwenyekiti alisikiliza maelezo yote kwa heshima, kisha akauliza kama hiyo ya nyuma haiwezi kubeba hata viti vichache. Nilitoka nje. Nina hasira za karibu, na pale kanisani wamezoea kuniona nikitoka nje kuangalia kama kunanyesha.

Kwa nini baba alilitoa gitaa? Kwa sababu masikio yake yalikuwa yameenda. Alipiga gitaa hilo miaka mingi katika bendi ya dansi na harusi, Molo, Keringet, popote walipoitwa, spika ikimfokea sikioni. Halafu akarudi shambani na kuendesha trekta lililokuwa na kelele kuliko bendi. Uziwi ulimjia polepole, naye akaupokea kwa ujanja. Kila alichoambiwa alijibu, "Nimesikia." Mama akimuuliza anataka chai au uji, "Nimesikia." Ng'ombe ameanguka mtaroni, "Nimesikia," na anaendelea kumenya viazi.

Mimi nilijifunza gitaa nikiwa mtu mzima, baada ya kuolewa na kuhamia Nakuru, ambako ninashona nguo. Kufikia wakati vidole vyangu vilipokubali kutii, yeye alikuwa hasikii. Maana yake baba yangu alikuwa hajawahi kunisikia nikipiga. Alinisikia nikiharibu tu. Jambo hilo liliniuma, bado linaniuma nikilisema, na sitalipamba.

Gitaa lilipofika lilikuwa na vifundo vinne vya kuzungusha, viwili kwa kila pikapu: kimoja cha kuongeza na kupunguza, kingine cha kufanya sauti iwe kali au nzito. Lilikuwa pia na swichi ya kuchagua pikapu, na swichi ilikuwa imekufa. Nikalipeleka kwa fundi wa redio mtaani Bondeni, mwanamume wa makamo mwenye kibanda kati ya kinu cha unga na saluni, ambaye huniita mathe, yaani mama, ingawa nina hakika tunalingana umri.

"Mathe, hii swichi imeisha," aliniambia niliporudi kulichukua. "Nimeifunga hapo katikati, pikapu zote mbili ziko on kila saa. Spare yake huku Naks huwezi pata. Na hizo knob maandishi yalikuwa yamefutika, nimekuandikia."

Alikuwa ameandika kweli. Chini ya kila kifundo alibandika plasta nyeupe ya hospitali, na kwa kalamu nyekundu akaandika SAUTI 1, SAUTI 2, SAUTI 3, SAUTI 4.

"Zote ni sauti?" nikamuuliza.

"Hizi mbili za juu ni sauti, kubwa na ndogo. Hizi za chini pia ni sauti, nyembamba na nzito. Kwani wewe ungeandika nini?"

Nilisimama pale nikitafuta neno lingine, kinu kikisaga, nikakosa. Nikaenda zangu.

Sasa, mtu yeyote aliyewahi kuimba kwaya huku kwetu ameshaona balaa inakotokea. Wanawake wa juu ni sauti ya kwanza. Wanawake wa chini ni sauti ya pili. Wanaume wa juu ni sauti ya tatu, wa chini ni sauti ya nne. Alhamisi ya mazoezi kiongozi wa sauti ya pili, mama anayepika katika shule moja ya bweni na mwenye mikono iliyozoea kusonga ugali wa shule nzima, aliinama mbele yangu akasoma zile plasta moja moja. Aliposimama uso ulikuwa umebadilika.

"Kwa hivyo Sister, sisi watu wa sauti ya pili tunakaa hapo kwa tumbo yako? Na ni wewe peke yako unatupandisha na kutushusha?"

Nilimwambia hapana, hii ni sauti ya gitaa, si ya watu. Akaniambia hata yeye anajua kusoma. Mwenyekiti akaitwa. Mwenyekiti hajawahi kukutana na jambo asiloweza kuliundia kamati, na kamati hiyo ilikaa papo hapo, ikaona kwamba si haki mtu mmoja kushika sauti zote nne, ikaamua kila sauti imteue mlinzi wa kifundo chake. Mlinzi awepo kila gitaa linapopigwa. Iliandikwa kwenye kumbukumbu, ikapendekezwa, ikaungwa mkono.

Hivyo ndivyo nilivyopiga gitaa miezi miwili nikiwa nimezungukwa na watu wanne wameshika kiuno changu. Sitanii. Mlinzi wa sauti ya nne alikuwa mchoma nyama wa Kikopey, mtu mkubwa mpole, aliyekuja mazoezini moja kwa moja kutoka jikoni akinuka moshi na mbavu za mbuzi, hata tukawa tunaimba wimbo wa kufunga haraka haraka ili tukale. Mume wangu alikuja mazoezini mara moja, akatazama, akatoka. Nyumbani aliniuliza tu kama hiyo kazi lazima ifanywe na watu wanne.

Yule mama mpishi wa shule, mlinzi wa sauti ya pili, ndiye aliyegundua siri. Siku moja sauti ya kwanza walikuwa wanavuta wimbo mbele kama kawaida yao, naye kwa hasira akazungusha kifundo chake mpaka mwisho, akidhani anajiondoa. Gitaa lote likazimika. Akalirudisha, likalia. Akazima tena, kimya. Tabasamu lilimjia polepole, na mimi nikajua tumekwisha.

Si muujiza. Katika gitaa la namna ile, pikapu mbili zikiwa zimewashwa pamoja, vile vifundo viwili vya kuongeza na kupunguza hutegemeana. Ukifunga kimoja hadi mwisho, kinamvuta mwenzake chini na sauti yote inamwagika. Lakini mpishi aliona theolojia. "Bila sauti ya pili hakuna wimbo," alitangaza, na kuanzia siku hiyo kila sauti ya kwanza wakikimbia aliwaadhibu kwa kimya. Sauti ya kwanza nao wakagundua kwamba kifundo chao kina nguvu hiyohiyo, wakalipiza. Wanaume walizungusha vyao mpaka vidole vikauma, wakapata tu gitaa linalosikika kama limefunikwa blanketi. Waliandika barua ya malalamiko.

Katikati ya upuzi huo ikatangazwa kwamba kwaya itatembelea kanisa la nyumbani kwa baba, kumshukuru kwa gitaa. Nilifurahi, kisha nikakumbuka masikio yake. Nilijua atakaa kiti cha mbele, atikise kichwa, aseme amesikia.

Nikapanda Olenguruone siku tatu nikimfanyia uchunguzi kama daktari. Nilisimama nyuma yake nikagonga vitu. Kijiko kwenye kikombe, hakuna. Ndege, hakuna. Simu, hakuna. Fahali wa jirani akaguruma, baba akageuka. Lori la maziwa likipanda kilima akalisikia kabla yangu. Jirani mwenye sauti nene, baba alimsikia vizuri tu wakaongea habari za mbolea. Sauti ya mama hakuisikia kabisa. Mama alisema hilo halina uhusiano na masikio.

Basi nikaelewa. Vitu vizito bado vilimfikia, vile vikali ndivyo vilivyokufa, na vilipokuja vingi pamoja vilimvurugia hata vile vizito. Mwenyewe aliwahi kumwambia mama kwamba muziki siku hizi ni kama mtu anakwangua sufuria. Nilichohitaji ni pikapu ya shingoni peke yake, ile kali inyamaze. Ingetosha kugeuza swichi, lakini swichi ilikuwa imefungwa katikati. Ingetosha kupunguza ile pikapu ya nyuma hadi mwisho, na kifundo chake kilikuwa SAUTI 2 ya mpishi, lakini kikifungwa gitaa lote linakufa.

Nikarudi Bondeni. Fundi alifungua tumbo la gitaa, akakuna kichwa na bisibisi.

"Kuna njia mingi," alisema. "Naweza toa hizi knob zote nikuachie moja ya kuongeza na moja ya kukata ukali. Naweza kukupea mbili za kuongeza na moja ya ukali. Ama niache zote nne, lakini nibadilishe hizi waya, ya kuingia iende kwa kutoka, ya kutoka iende kwa kuingia. Hapo zitajitegemea. Ukizima moja, ingine inaendelea. Lakini ukishusha, itapoteza ukali kidogo."

"Huo ukali ndio siutaki."

"Basi dakika kumi, mathe."

Ningemwambia afanye wakati uleule. Lakini gitaa ni mali ya kwaya, nami nililelewa vizuri, nikasema acha niombe ruhusa. Huo ndio ujinga wangu katika habari hii, wa wengine nimeshausema.

Kwenye kikao nilisimama nikasema, kwa lugha nyepesi kabisa, kwamba ninaomba sauti zijitegemee.

Mtu aliweka kikombe chini. Sikuwa nimefikiria historia yetu. Kanisa lililo ng'ambo ya barabara lilizaliwa hivyohivyo, idara ya vijana ilisimama katika kikao kama kile ikaomba kujitegemea kwa mambo ya chai, na miezi michache baadaye walikuwa na paa lao na mchungaji wao. Neno hilo kwetu halitamkwi mbele ya watoto.

"Zijitegemee zikienda wapi?" mwenyekiti aliuliza taratibu.

"Haziendi mahali. Ni waya."

"Waya ndio mwanzo," akasema.

Nilieleza koili, nikaeleza kuingia na kutoka, nikachora kwenye daftari la mahudhurio. Nilieleza habari ya baba. Mchoma nyama peke yake aliniangalia kwa huruma. Mpishi alisema anaona wazi njama ya kuipokonya sauti ya pili nafasi yake. Kura ikapigwa, na karani akaandika kwamba hoja ya sauti kujitegemea imekataliwa, na kwamba sauti zitaendelea kutegemeana kama ilivyokuwa tangu mwanzo. Jumapili iliyofuata mchungaji alihubiri saa nzima kuhusu mwili mmoja wenye viungo vingi, akinitazama mimi kila alipofika kwenye viungo.

Nilikasirika hadi nikaharibu sare za shule za watu wawili, nikashona mikono ya shati moja kwenye shati lingine. Jumatatu asubuhi nilibeba gitaa kwa fundi bila kumwambia mtu.

"Ruhusa umepata?"

"Badilisha waya."

Ilimchukua dakika kumi kweli. Sikulijaribu kwa sauti, niliogopa hata kibandani. Plasta niliziacha palepale. Kugeuza kwa siri nyaya za shaba ndani ya gitaa la baba yangu mwenyewe, sijui dhambi hiyo inaitwaje, lakini nilitubu mapema ili nisije nikasahau.

Tulikodi basi la shule. Mwenyekiti alinung'unika njia nzima kwamba tungekuwa na zile pikapu spika zisingewekwa kwenye mapaja ya watu. Olenguruone ilitupokea na baridi yake ya Mau, ile inayoingia kwenye vifundo vya vidole. Kanisa lilijaa. Baba alikuwa ameketi mbele, koti la zamani, fimbo kati ya magoti, mama kando yake. Nilimsalimia nikamwambia karibu na sikio kwamba leo nitapiga. "Nimesikia," alisema, akitazama mlango.

Walinzi wangu wanne wakachukua nafasi zao. Watu wa Olenguruone walitutazama kwa makini, nikaona mzee mmoja akimuuliza mwenzake kama mimi ni mgonjwa ninashikiliwa.

Tukaanza. Vifundo vyote vilikuwa wazi, pikapu zote mbili zikilia, kelele kali ikigonga kwenye mabati. Baba alitikisa kichwa kwa adabu. Alikuwa anatikisa nje ya mdundo. Kila nikipiga, kichwa chake kilishuka mahali pasipo na kitu. Nilikuwa nimepanga kumwomba mpishi kwenye ubeti wa tatu apunguze kifundo chake kidogo kidogo, nikiwa na uongo tayari, lakini nilipomwona baba akitikisa vile, uongo wote ulinitoka kichwani. Niliendelea kupiga tu.

Aliyeniokoa ni sauti ya kwanza. Kwenye kiitikio walichomoka wakavuta wimbo mbele kama ng'ombe walioona maji. Nilimsikia mpishi akikoroma kwa hasira kando yangu. Akazungusha SAUTI 2 mpaka mwisho, awanyamazishe wote mbele ya wageni.

Gitaa halikunyamaza. Ule ukali ukaondoka, ikabaki ile sauti ya shingoni, nene, ya chini, ikitembea peke yake. Mpishi alizungusha tena, akatazama kifundo, akanitazama mimi. "Imejitegemea," alininong'oneza, kwa hofu kabisa. Mlinzi wa sauti ya kwanza akaondoa mkono kana kwamba kifundo kina moto. Mchoma nyama, Mungu ambariki, alikitazama kifundo chake kisha akamtazama baba, akakishusha polepole kwa kidole kimoja. Chake kilikuwa cha ukali wa pikapu ya nyuma, na hakikuwa na kazi tena kwa kuwa pikapu hiyo ilikuwa imezimwa. Lakini nia niliiona.

Baba aliacha kutikisa kichwa. Aliinua uso, akageuza sikio la kushoto upande wangu, akakunja kipaji cha uso. Halafu akaanza kusimama. Mama alimshika koti, baba akalivuta kutoka mkononi mwake. Alikuja na fimbo yake mpaka mbele, na kwaya, ikidhani mzee amekuja kucheza, ikampigia vigelegele. Hakucheza. Alisimama karibu nami kiasi kwamba nilisikia harufu ya moshi wa kuni kwenye koti lake, akainamisha kichwa juu ya gitaa. Alisema kwa ile sauti kubwa ya watu wasiosikia, na waimbaji wakaacha wimbo katikati.

"Huo uzi wa tano umeshuka."

Nikasimamisha vidole. Nikaupiga peke yake. Ulikuwa umeshuka kweli, kidogo sana, mtikisiko wa basi uliulegeza, na katika watu wote waliokuwa mle ndani wenye masikio mazima hakuna aliyekuwa amesikia, hata mimi. Machozi yalinitoka, sikuyafuta, mikono ilikuwa na kazi. Nikashika ufunguo wa uzi huo nikaanza kukaza.

"Bado," akasema baba.

Nikakaza.

"Bado kidogo."

Mwenyekiti alikohoa, akatazama saa. Uzi ulifika mahali pake na nikajua umefika, lakini sikuachia. Niliuzungusha tena kidogo, makusudi, ukapita.

"Umepita," akasema baba. "Rudisha."